Maradhi Hutangulia, Maelezo Hufuata: Kwa Nini Barakoa Isizuiwe

Wasikilizaji wa Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, wa Somanga na Songo Songo, wa Mchinga na Lindi mjini, nanyi mliomo safarini katika barabara ya kusini, mada yetu leo ni barakoa. Mjadala mliouzoea ni wa kama watu walazimishwe kuivaa au wasilazimishwe. Jioni hii tutauangalia upande wake usiosemwa sana: je, ni halali mtu kuzuiwa kuivaa? Hoja yangu ni moja. Maradhi hutangulia na maelezo ya wataalamu hufuata nyuma, mara nyingine kwa siku kadhaa, mara nyingine kwa miaka. Katika muda huo wa kungoja jibu, mwananchi hana budi kuachiwa nafasi ya kujikinga kwa kitu cha bei nafuu kisichomdhuru jirani yake. Zuio la barakoa, liwe la sheria au la maneno ya kubeza tu, linamnyima nafasi hiyo wakati anapoihitaji zaidi.

Huenda mtu akauliza ni nani hasa anayezuia barakoa. Ufaransa ilipitisha sheria ya kukataza kufunika uso hadharani mwaka 2010, ikaanza kutumika Aprili 2011. Chad, na Mkoa wa Kaskazini ya Mbali wa Kameruni, zilipiga marufuku vazi la kufunika uso mwaka 2015 baada ya mashambulizi ya mabomu. Hong Kong ilikataza kufunika uso Oktoba 2019 wakati wa maandamano, na haukupita mwaka kabla mji huohuo haujaanza kuwatoza faini wasiovaa barakoa kwa sababu ya Uviko. Huko Marekani, jimbo la North Carolina lilibana uvaaji wa barakoa hadharani Juni 2024, na Agosti mwaka huohuo kaunti ya Nassau, jirani na jiji la New York, ikaweka adhabu ya hadi dola 1,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja kwa anayekiuka. Nyingi ya sheria hizi zina kifungu kinachomruhusu mtu kuvaa kwa sababu za afya, na kifungu hicho nitakirudia, kwa sababu wengi wanadhani kinamaliza tatizo lote.

Kwetu Tanzania hakuna sheria iliyopiga marufuku barakoa, na ni haki jambo hilo lisemwe wazi. Mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na mwezi uliofuata wakazi wa Dar es Salaam wakaagizwa kuvaa barakoa. Lakini Mei takwimu za taifa zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na Juni nchi ikatangazwa kuwa imeondokana na ugonjwa. Tangu hapo barakoa ilipoteza heshima. Aliyeivaa sokoni au kwenye basi alitazamwa kama mwoga, au kama mtu aliyepungukiwa na imani. Tarehe 21 Februari 2021, siku nne baada ya Maalim Seif Sharif Hamad na Katibu Mkuu Kiongozi John Kijazi kufariki siku moja, Rais John Magufuli alisema kanisani Dar es Salaam kwamba serikali haijazuia barakoa, ila watu wajihadhari na zile zinazotoka nje na wavae zinazotengenezwa nchini. Siku hiyohiyo Wizara ya Afya ilitoa taarifa ya kuhimiza tahadhari. Baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kushika madaraka Machi 2021, iliundwa kamati ya wataalamu, ikawasilisha mapendekezo yake Mei, na chanjo ikazinduliwa tarehe 28 Julai. Ninayakumbusha haya kwa sababu ya funzo lililomo: kwa karibu mwaka mzima hakuna askari aliyetumwa kuwavua watu barakoa, na bado watu walizivua. Neno la mkubwa, likipokewa na mwenyekiti wa kijiji, likarudiwa na kondakta na majirani, lina nguvu ya amri hata pasipokuwa na karatasi iliyosainiwa.

Sasa tuitazame pwani yetu wenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 1859 msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kilwa na kuukuta mji ukiteketea kwa kipindupindu. Wakati ule, hata London kwenyewe, ambako daktari John Snow alikuwa amekwisha kueleza kwamba ugonjwa ule unapitia kwenye maji machafu, wakubwa wengi wa tiba walikuwa bado hawajamkubali. Robert Koch alikitambulisha kimelea chenyewe kwa ulimwengu mwaka 1884, yaani miaka 25 baada ya makaburi ya Kilwa kufukiwa. Mfano wa karibu zaidi upo mkoani humu. Julai 2022, katika kituo cha afya cha Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa, walifika wagonjwa wenye homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa na damu puani. Vipimo vilionyesha kuwa si Ebola, si Marburg, na si Uviko. Watu watatu walikuwa wamefariki. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na mkojo wa wanyama kupitia maji na udongo. Wagonjwa waliokuwa wamehesabiwa hadi siku hiyo walikuwa 20.

Ni kweli kwamba barakoa haizuii homa ya mgunda, kwa kuwa ugonjwa huo hauenei kwa pumzi. Lakini wiki ile ya kwanza, muuguzi aliyemshika mgonjwa anayetokwa na damu alijuaje? Jirani aliyempakia kwenye bodaboda kumpeleka kituoni alijuaje? Wataalamu wa taifa walihitaji siku kadhaa na maabara iliyo mbali na Ruangwa ili wapate jibu. Mara hii jibu lilikuwa bakteria wa majini na kwenye udongo; mara nyingine linaweza kuwa kirusi kinachosafiri hewani. Kwa hiyo swali la kiafya halianzi pale tunapokuwa tumeshajua ugonjwa gani. Linaanza siku ile tusiyojua kitu, na siku hiyo mwenye busara hufunika pua na mdomo, hunawa mikono, na huvaa glavu kama anazo. Likija jibu, ataacha kisichohitajika. Palipo na zuio, mtu huyu anatakiwa asubiri ruhusa ya kujikinga hadi maabara ijibu, na ugonjwa wenyewe hausubiri.

Je, barakoa inasaidia kweli? Hili ndilo swali ambalo wanaopinga hulitegemea, na linastahili jibu lenye ushahidi. Mtu anapozungumza, anapokohoa au anapoimba kaswida, hutoa vitone vya mate, vikubwa na vidogo. Vikubwa huanguka karibu. Vidogo sana huelea hewani kama moshi mwembamba usioonekana, hasa kwenye chumba kisichopitisha hewa. Barakoa hupunguza vinavyotoka kwa mgonjwa na vinavyoingia kwa mzima, kwa kiasi kinachotegemea aina yake na jinsi inavyobana usoni. Katika tauni ya mapafu iliyoikumba Manchuria, kaskazini mwa China, majira ya baridi ya 1910 na 1911, watu wapatao 60,000 walikufa. Daktari Wu Lien-teh aliwataka watumishi wavae barakoa za tabaka za shashi na pamba. Daktari mmoja Mfaransa, Gérald Mesny, hakukubali kwamba tauni ile inapita hewani. Aliingia wodini bila barakoa na akafariki siku chache baadaye. Karibu na wakati wetu, watafiti walifanya jaribio katika vijiji 600 vya Bangladesh vyenye watu wazima zaidi ya 340,000. Katika vijiji vilivyogawiwa barakoa na kuhimizwa, uvaaji ulipanda kutoka watu 13 hadi 42 katika kila 100, na Uviko wenye dalili uliothibitishwa kwa damu ukapungua kwa takriban asilimia 9. Palipogawiwa barakoa za hospitali, wazee wa zaidi ya miaka 60 walipungukiwa na maambukizi kwa takriban asilimia 35. Vijiji vile havina tofauti kubwa na vijiji vyetu: nyumba zimesongamana, watu wanakwenda gulioni, wanasali pamoja, na hospitali iko mbali.

Anayepinga atasema mbona upo ushahidi mwingine. Upo, na sitauficha. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2020, uliohusisha watu wapatao 6,000, ulikuta kwamba waliopendekezewa barakoa waliambukizwa 1.8 katika kila 100, na wasiopendekezewa 2.1, tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kutegemewa. Mapitio ya Cochrane ya Januari 2023 yalikusanya majaribio mengi na kusema kwamba kuhimiza barakoa katika jamii huenda kunaleta tofauti ndogo au kusilete kabisa. Wengi walilichukua neno hilo wakatangaza kwamba barakoa hazifai, hadi Machi mwaka huo mhariri mkuu wa Cochrane akatoa ufafanuzi kwamba mapitio yale hayakutoa uamuzi wa mwisho, na kwamba yalipima juhudi za kuwahimiza watu wavae, ilhali uzingatiaji wao ulikuwa mdogo kiasi. Hata tukiuchukua ushahidi huu kwa uzito wake wote, bado haumsaidii anayetaka kuzuia. Mashaka kama haya yanaweza kumfanya kiongozi asite kulazimisha, kwa sababu anayewalazimisha watu wote kwa faini na kifungo anapaswa kuwa na hakika. Lakini anayezuia anahitaji hakika kubwa zaidi, kwani yeye anamwondolea mtu kinga aliyoichagua mwenyewe, kwa gharama yake mwenyewe. Ili zuio lihalalishwe kwa hoja ya afya, ingebidi ithibitishwe kwamba barakoa inamdhuru mvaaji au jirani yake, na hakuna utafiti nilioutaja uliosema hivyo. Madaktari wa upasuaji huzivaa kwa saa nyingi mfululizo wakiwa na uhai wa mtu mikononi.

Wako wanaosema pia kwamba wataalamu wenyewe walijigeuza. Ni kweli: Shirika la Afya Duniani halikuwashauri watu wote kuvaa barakoa mwanzoni mwa 2020, likabadilisha ushauri wake tarehe 5 Juni mwaka huo, na suala la ugonjwa kuenea hewani lilichukua muda mrefu zaidi kukubaliwa. Hilo ndilo jambo ninalolisema tangu mwanzo. Kama shirika kubwa kuliko yote lilihitaji miezi ili lione njia ya ugonjwa, basi wale waliojifunika pua Machi na Aprili walikuwa wakijikinga vema kabla ya maelezo kuwafikia. Ushauri unaobadilika unatutaka tuache nafasi ya tahadhari, na zuio linaifunga nafasi hiyo.

Pingamizi lililo zito zaidi kwa pwani hii ni la usalama, na silichukulii kwa wepesi. Mwaka 2017, kaskazini ya Kilwa, katika wilaya za Kibiti, Mkuranga na Rufiji, viongozi wa vijiji na askari waliuawa kwa kuviziwa. Kusini yetu, ng'ambo ya mto Ruvuma, vita vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017 pale Mocímboa da Praia, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kilishambuliwa. Watu walioishi na hofu hiyo wana haki ya kutaka kujua nani anapita mlangoni mwao. Lakini tuulize kwa utulivu usalama unahitaji nini hasa. Unahitaji mtu atambulike pale kunapokuwa na sababu: kwenye kizuizi cha polisi, dirishani benki, kwenye chumba cha mtihani, anapopanda boti au anapojiandikisha kupiga kura. Haja hiyo inatimizwa kwa kumwomba ashushe barakoa kwa muda mfupi, atazamwe, kisha aivae tena. Pwani hii ina uzoefu wa jambo hilo, kwa sababu wapo akina mama wanaovaa nikabu, na desturi njema ni kuitwa askari wa kike, kusogea pembeni, uso ukaonekana na heshima ikabaki. Utaratibu huohuo unamtosha mvaa barakoa. Na mtu aliyekusudia kuua hawezi kuzuiwa na kosa dogo la kufunika uso. Atakayebanwa na zuio ni mgonjwa, mzee na muuguzi anayerudi nyumbani kutoka zamu.

Wengine hutoa suluhu inayoonekana ya haki: wenye maradhi waruhusiwe, wengine wazuiwe. Hiki ndicho kile kifungu nilichosema nitakirudia. Kikitazamwa kutoka Kilwa, udhaifu wake unaonekana mapema. Anayetaka kuvaa atatakiwa athibitishe, na uthibitisho ni cheti. Kutoka Kipatimu au Songo Songo hadi kwa daktari wa kuandika cheti kuna nauli, siku nzima ya kazi iliyopotea, na kwa wa kisiwani kuna bahari ya kuvuka. Akishakipata, atamwonyesha nani? Atamwonyesha mgambo au mlinzi wa getini asiyesomea tiba, mbele ya watu waliopanga foleni. Tanzania ina zaidi ya watu milioni moja na nusu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi huzaliwa na selimundu. Watu hawa wana sababu ya kujikinga, na wana sababu vilevile ya kutotaka siri yao isomwe barabarani. Palipo na zuio lenye msamaha kwa wagonjwa, kila barakoa inageuka tangazo kwamba mvaaji ni mgonjwa. Aibu hiyo itawafanya wengi waivue, na anayekohoa kifua kikuu atapanda basi la Nangurukuru akiwa na mdomo wazi. Tena msamaha huo haumsaidii mtu mzima anayemuuguza mama yake nyumbani na hataki kumpelekea ugonjwa. Yeye hana cheti cha kuonyesha.

Wapo wanaosema kwa moyo safi kwamba kujifunika ni kupungukiwa na tawakali. Waumini wa pwani wanajua mafundisho yaliyorithiwa tangu zama za Mtume kuhusu tauni: asiingie mtu kwenye mji wenye tauni, wala asitoke aliyemo humo. Hayo ni mafundisho ya tahadhari, na yalitolewa na watu wenye imani kubwa. Wapo pia wanaohofia barakoa mbovu au zenye uchafu kutoka nje. Hofu hiyo ina njia yake ya haki: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na Shirika la Viwango Tanzania zikague bidhaa, na mafundi wa hapa wasaidiwe kushona zilizo bora. Na wapo viziwi, wanaosoma midomo na kutegemea mabadiliko ya uso katika lugha ya alama. Wao wanastahili mzungumzaji ashushe barakoa au atumie njia nyingine ya kueleweka. Watoto wadogo nao wasilazimishwe. Hoja hizi zote zinatufunza kutolazimisha ovyo na kukagua vizuri. Hakuna hata moja kati yake inayofika kwenye kuzuia.

Wakulima wa mikorosho wa mkoa huu wanaijua kinga ya pua na mdomo kwa kazi za mikono yao. Msimu wa kupulizia salfa dhidi ya ubwiri unga ukifika, vumbi la njano hutanda shambani, huwasha macho na kuchoma koo. Anayeendesha mashine ya kupulizia hufunga kitambaa au barakoa, na hakuna mtu anayemwita mwoga. Hakuna anayemtaka cheti, wala anayesema anaficha uso kwa nia mbaya, kwa sababu hatari inaonekana kwa macho. Kinachokosekana kwenye maradhi ya hewa ni rangi tu. Heshima ileile tunayompa mpulizia salfa tumpe na mwanamke anayevaa barakoa kwenye foleni ya hospitali ya Kinyonga, ingawa hatari yake haina vumbi la kuonekana.

Basi tufanye nini? Katiba yetu, ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa ajili ya mambo kadhaa, na inataja usalama wa jamii na afya ya jamii katika aya hiyohiyo. Maana yake ni kwamba kiongozi haruhusiwi kushika kimoja akasahau kingine. Kwa msingi huo, ninaziomba halmashauri za Kilwa na Lindi, wakuu wa shule, mameneja wa viwanda na wasimamizi wa vyombo vya usafiri wakubaliane juu ya kanuni rahisi. Mtu yeyote aruhusiwe kuvaa barakoa bila kuulizwa ugonjwa wake. Penye haja ya kumtambua, aombwe aishushe kwa muda mfupi, kwa adabu, na aruhusiwe kuivaa tena papo hapo. Asidaiwe cheti. Asifukuzwe kazini wala darasani kwa sababu hiyo. Na viongozi wa dini na wa vijiji, ambao maneno yao yana uzito kuliko matangazo ya ukutani, waseme hadharani kwamba kujikinga si aibu.

Nawaomba nanyi wasikilizaji, msingoje kanuni hiyo iandikwe. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, mwulizeni mtendaji wenu: ukitokea ugonjwa usiojulikana kesho, je, wananchi wataachwa wajikinge? Jibu lake litakuwa na maana iwapo limetolewa leo, tukiwa na afya na utulivu wa kufikiri, maana siku ugonjwa ukiingia hofu itakuwa imekwisha kushika usukani. Mtu anayejifunika pua na mdomo anajilinda mwenyewe, na huenda anatulinda na sisi. Wajibu wetu kwake ni kumwacha aendelee kufanya hivyo.